Unataka kujifunza Kichuuk? Tanguliza sikio, daftari lije baadae

Hapa Portland, Oregon, Wachuuk, yaani watu wa visiwa vya Chuuk kule Pasifiki, jimbo mojawapo la Shirikisho la Mikronesia, wapo wengi kuliko watu wanavyodhani, maana tangu 1986 kuna mkataba kati ya Marekani na Shirikisho la Mikronesia na wao wanaingia kuishi na kufanya kazi bila viza. Mimi nahudumia wazee, shifti yangu ina akina mama kadhaa wa Chuuk, ndo maana nikaanza kujifunza lugha yao. Kama na wewe una majirani kama hao, iwe huku ama Hawaii ama Guam, haya ndo nimeona yanasaidia, hasa kwa sisi waongeaji wa Kiswahili.

Jua kwanza kwamba huanzii sifuri. Ng ya kwao ni ile ya ng'ombe, na inakaa hata mwanzoni mwa neno, wazungu wengi inawashinda hapo. Mw na pw tunazo toka utotoni, kwa hiyo mwáán (mwanaume) na pwoong (usiku) zinaanza vizuri tu. Ila chunga mwisho wa neno! Sisi tuna tabia ya kubandika vokali kila mahali, iik ambayo ni samaki inageuka "iki". Usifanye hivyo, funga neno kwenye konsonanti na unyamaze hapo hapo. Jizoeze na ngaang, yaani mimi, ambayo ng' iko mbele na nyuma.

Ch yao sio ya chai. Ulimi unarudi nyuma kidogo na inatoka kama ina r ndani yake, ndo maana ramani za zamani Chuuk ziliiandika Truk.

Sasa kazi kubwa, konsonanti mbili mwanzoni mwa neno. Damu wanaiita chcha, na aina moja ya chaza wa baharini ni tto. Mama mmoja kazini akisema chcha huwa namwangalia taya, linasimama kidogo, kimya, halafu sauti ndo inaachiliwa. Sisi mlango wa kuingilia tunao, sema mea halafu mmea, sikiliza ile m ya mbele inavyoshikiliwa, sema na nne, halafu ushike t hivyo hivyo bila kuchomeka i wala u. Nakushauri uanze na m na n kwa sababu zinasikika ukizishika, t na ch zikishikwa hazitoi sauti kabisa kwa hiyo zinataka subira.

Na huo mshiko una kazi yake. Nomino fupi ya Kichuuk haisimami peke yake ikiwa nyepesi, lazima iwe na konsonanti mbili mbele kama chcha au vokali ndefu kama iimw (nyumba). Ukiongeza "yangu" inakuwa imwei, vokali inafupika maana neno limeshapata uzito kwingine. Ukilielewa hili hutashangaa tena kwa nini neno lile lile leo refu kesho fupi.

Vokali ziko tisa: a, á, e, é, i, o, ó, u, ú, na kila moja inaweza kuwa fupi ama ndefu. Ó ni o yetu na mdomo umefunguka zaidi, á iko katikati ya a na e. Inayosumbua sana ni ú. Sema u, halafu tandaza midomo kama unatabasamu bila kuusogeza ulimi mbele, hapo umeikaribia. Ifanyie mazoezi kwenye núú, yaani nazi.

Kuhusu kusoma usiwe na haraka kabisa. Watu wakiandikiana kwenye simu wengi wanaacha alama za juu, na konsonanti mbili wanaandika moja, wao hawana shida kwa sababu lugha ni yao, ila wewe mgeni utajifunza neno bovu na kulitoa baadae ni kazi. Kamusi ya Kichuuk na Kiingereza ya Goodenough na Sugita ya 1980 inaonyesha urefu wote, lakini bora zaidi omba ruhusa, mtu akutamkie maneno polepole urekodi kwenye simu, usikilize ukiwa kwenye basi.

Na ukisikia mmoja anasalimia ran annim na mwingine ran allim usianze kubishana nao, ni salamu ile ile, n na l zinabadilishana kutokana na mtu anatoka wapi, wewe jibu vile ulivyosalimiwa.