Maswali na majibu: Nyasi nazo zina wataalamu wake

Ujumbe mwingi safari hii umetoka kwa wanafunzi wanaojiandaa kwenda fildi mwezi Julai, na kwa wazazi wao. Nimechagua ule unaohusu nyasi. Ndiyo mada yangu, na sioni haya kuipendelea.

Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili Mlimani, nasoma mimea. Wenzangu wamepangiwa tembo na simba, mimi nyasi. Wananiita mkata majani. Kuna utafiti wa maana humo kweli? (Mwanafunzi, Mabibo Hosteli)

Marahaba. Waulize wenzako hao tembo wanakula nini.

Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu Serengeti imepatikana kwa watu kuinama. Miaka ya 1970 Samuel McNaughton wa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, alizungushia uzio vipande vya nyasi ili nyumbu wasivifikie, kisha akavilinganisha na sehemu walizopita. Walikopita nyumbu, nyasi zilichipua upya, laini na za kijani, na swala tomi wakaja kuzifuata. Ndani ya uzio hapakuwa na machipukizi ya namna hiyo. Jani la nyasi husukumwa kutoka chini, karibu na shina, kwa hiyo likiliwa ncha bado linaendelea kukua. Mimea mingi haiwezi hilo.

Huko Marekani kwenyewe, Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas kina kituo cha Konza, hekta 3,487 za prairi, yaani nyanda za nyasi ndefu za katikati ya nchi ile. Nyanda hizo karibu zote zimegeuzwa mashamba ya mahindi na soya. Za Konza zilinusurika kwa kuwa vilima vyake ni vya mawe na jembe halipenyi. Kituo kilianzishwa 1971. Ardhi imegawanywa kufuata mabonde ya vijito: bonde moja huchomwa kila mwaka, jingine kila baada ya miaka 2, jingine 4, jingine 20. Nyati wa Amerika, baisani, walirudishwa 1987. Matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kuwa baisani walikokula nyasi, aina za mimea asilia ziliongezeka karibu mara mbili. Ilibidi watu wahesabu mimea palepale kwa karibu miaka 30 ndipo jibu lipatikane, na kazi ya namna hiyo haiendi bila mikono ya wanafunzi.

Hapo ndipo sisi tunapokosea, kwa maoni yangu. Mwanafunzi anapewa wiki chache, anaandika ripoti, ripoti inakwenda kabatini, na mwakani mwingine anaanza upya mahali pengine. Muulize msimamizi wako kama kuna vipande vilivyopimwa na waliokutangulia. Kama vipo, vipime hivyo hivyo, kwa njia ile ile, hata kama unaona ungekuja na njia bora zaidi.

Binti yangu anakwenda fildi Saadani. Abebe nini, na kuna usalama? (Mama, Tabata)

Mama, ndani ya hifadhi hakuna mwanafunzi anayetembea kwa miguu bila askari mwenye silaha, kwa hiyo simba wasikunyime usingizi. Mimi humwogopa zaidi kupe. Avae suruali ndefu aichomeke ndani ya soksi, buti zifunike vifundo, na kila jioni ajikague. Autambue upupu kabla upupu haujamtambua yeye. Kofia, chupa mbili za maji, dawa zake, tochi. Penseli badala ya kalamu ya wino, maana wino ukilowa kazi ya siku nzima imekwenda. Na rundo la magazeti ya zamani ya kukaushia mimea. Ya udaku yanakausha vizuri sawa na yale mazito.

Kuhusu fedha, kama ni mnufaika wa Bodi ya Mikopo, kuna fungu la mafunzo kwa vitendo. Lakini mpe akiba, kwa sababu bumu halina haraka.

Kwetu Bagamoyo tulikuwa tunachoma majani kila kiangazi na tukikatazwa kila kiangazi. Mjukuu anasema chuoni wamefundishwa moto unasaidia nyasi. Nani mkweli? (Mzee, Mbezi)

Shikamoo mzee. Mnaweza kuwa wakweli wote, inategemea moto wa lini.

Ukichoma mapema, majani yakiwa bado na unyevunyevu, moto hutembea chini na huruka sehemu nyingi. Ukingoja Septemba au Oktoba, kila kitu kimekauka na upepo umeamka. Moto huo unaua miche na unaweza kuhamia kwa jirani. Sheria ya Misitu ya 2002 nayo ina masharti yake ya uchomaji, kwa hiyo mjukuu asishike kiberiti kwa kuwa amesoma.

Bila moto wala mlaji, nyasi hushindwa. Konza, mabonde yasiyochomwa yamevamiwa na vichaka na miti, na vichaka vikishakomaa, kurudisha moto peke yake hakuviondoi. Serengeti mambo yalikwenda kwa njia ndefu zaidi. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliowaua nyumbu pia, ilipodhibitiwa kwa chanjo ya ng'ombe, nyumbu nao wakapona. Kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 walifika milioni 1.3 hivi mwaka 1977. Wakala nyasi ambazo zingeliwa na moto, mioto ikapungua, miti ikaongezeka. Chanjo ya ng'ombe ikaotesha miti porini! Ukitaka kujua kwa nini napenda somo hili, sababu ni hiyo.

Kikundi chetu kinataka kupanda miti kwenye uwanda wa nyasi ulio wazi. Utushauri aina ya miche. (Vijana, Kigamboni)

Kabla ya miche, waulizeni wazee wa hapo: palikuwa na msitu ukakatwa, au pamekuwa pa nyasi siku zote? Kama ni pa nyasi, pelekeni miche shuleni au kando ya barabara. Uwanda wa nyasi haujakosa kitu. Hazina yake ya kaboni iko zaidi chini, kwenye mizizi na udongo. Mkwaja, iliyokuwa ranchi ya ng'ombe hadi 2000 na sasa imo ndani ya Saadani, migunga imejaa kwenye malisho ya zamani, na watafiti wameshughulika kueleza kwa nini. Hakuna aliyeipanda.

Ni lazima niende Marekani kusoma ikolojia ya nyasi? (Kijana, Mbagala)

Hapana. Mlimani, SUA pale Morogoro, na Mweka, chuo cha wanyamapori kilichoanza 1963, zinatosha kuanzia. Jamaa za nyasi za prairi, kama *Andropogon*, ziko pia huku kwetu.

Nifanye mazoezi wapi hapa mjini kabla ya Julai? (Mwanafunzi, Kimara)

Anza sasa, masika ikiwa haijaisha. Julai utakuta nyasi zimekauka na mbegu zimepukutika, na nyasi isiyo na suke humtesa hata mtaalamu. Kiwanja chochote kisichojengwa kinafaa, ukiomba ruhusa.

Viringisha shina kati ya vidole. Likiwa na pembe tatu, hiyo ni ndago au ndugu yake, si nyasi. Likiwa la mviringo lenye vifundo, vuta jani taratibu utazame linapoungana na shina: kuna kikunjo chembamba au safu ya vinywele, na humo mara nyingi mnatofautisha aina mbili zinazofanana. Ukipata mbegu yenye mkia mrefu mweusi iliyokuchoma soksi, iweke kiganjani uidondoshee tone la maji. Mkia utaanza kujizungusha wenyewe. Ndivyo inavyojichimbia ardhini.

Kisha tengeneza fremu ya sentimita 50 kwa 50, kata kila kilichomo usawa wa ardhi, tenganisha aina, tia kwenye mifuko ya khaki. Ya plastiki, mbali na kupigwa marufuku tangu 2019, huozesha sampuli kabla haijafika kwenye oveni ya maabara.