Mchwa wa kichuguu hawana Trichonympha

SWALI: Nafundisha biolojia kidato cha tano na sita, Tanga. Kitabu kinasema utumbo wa mchwa umejaa protozoa (viumbe wadogo wa seli moja) wanaomeng'enya selulosi, hasa Trichonympha. Tulichimba kichuguu nyuma ya shule, tukapasua mchwa zaidi ya 20. Hadubini ilituonyesha bakteria na uchafu tu. Tulikosea wapi?

JIBU: Mikono yenu haina kosa, Mwalimu. Mlipasua mchwa asiye husika. Wajenzi wa vichuguu vikubwa huku kwetu ni Macrotermes, na hao hawana protozoa wenye mijeledi (nyuzi za kuogelea) wa kumeng'enya mbao. Sehemu kubwa ya kazi hiyo wameiachia kuvu iitwayo Termitomyces, wanayoilima kwenye masega ndani ya kichuguu. Wanafunzi wako wanaijua sana: ndiyo ile inayotoa uyoga mkubwa kichuguuni baada ya mvua.

Mnayemtaka ni mchwa wa mbao kavu, anayeishi ndani ya fremu za milango na makabati bila kugusa udongo. Pwani hamtamkosa. Angalieni chini ya samani kama kuna punje ngumu za kinyesi, mfano wa mchanga. Kwa lenzi utaona zina pande sita. Msichukue walio weupe pe, waliotoka kujivua ngozi. Kila mchwa huyu akijivua hupoteza wapangaji wake wote, yaani protozoa wa utumboni, mpaka alambe majimaji yatokayo kwenye njia ya haja ya mwenzake. (Darasa litacheka hapo. Liache licheke, halitasahau.)

Bana ncha ya tumbo kwa kibano, vuta taratibu, utumbo wa nyuma utatoka. Upasulie kwenye tone la maji ya chumvi, gramu 6 kwa lita. Maji matupu ya bomba yatawapasua protozoa. Kisha fanyeni haraka, kwani oksijeni huwaua. Katika miaka ya 1920 Mmarekani L. R. Cleveland aliwaangamiza kwa oksijeni hiyo hiyo huku mchwa wenyewe wakibaki hai. Mchwa wale waliendelea kutafuna mbao kama kawaida, wakafa njaa.

Trichonympha mwenyewe huenda msimwone, maana kila aina ya mchwa ina protozoa wake. Wa mbao kavu mara nyingi hubeba jamaa zake, kama Devescovina. Mkiona kiumbe kinachotikisika kimebeba vipande vya mbao ndani ya mwili wake, mmempata protozoa mliyemtafuta.