Maswali ya Wasomaji: Humvee ya mnada na hati za kuiingiza barabarani

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na kwa sasa ninaishi Houston, Texas. Kwenye mnada wa mtandaoni nimeona Humvee ya jeshi la Marekani, ya mwaka 1994, inayouzwa na mtu aliyeinunua serikalini. Ninakusudia kuinunua, kuisajili na kuiendesha kwenda kazini, kisha baada ya miaka michache niipeleke Kenya. Muuzaji anasema gari lina "karatasi za serikali", lakini mwenzangu kazini alinunua gari la namna hiyo na hadi leo liko nyuma ya nyumba yake, halina namba. Niangalie nini kabla sijatoa fedha? Msomaji, Houston.

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kuuliza mapema, kwa sababu matatizo mengi ya magari haya huzaliwa siku ya mnada na huja kuonekana miezi kadhaa baadaye, mnunuzi anaposimama dirishani mbele ya karani. Injini mbovu ina fundi wake. Karatasi mbovu mara nyingi haina. Kwa hiyo kagua karatasi kwanza, na gari baadaye.

Gari la jeshi likiwa kazini halisajiliwi na jimbo lolote. Lina namba za kijeshi zilizopakwa rangi kwenye bampa, lakini halijawahi kuwa na hati ya umiliki kama lilivyo gari la raia. Jeshi likishalichoka, hukabidhiwa kwa DLA Disposition Services, idara ya Wizara ya Ulinzi inayoshughulikia mali za ziada, yenye makao yake Battle Creek, Michigan, na kutoka hapo huingia mnadani. Humvee zilifunguliwa mlango huo mwezi Desemba 2014, kwa kundi la kwanza la magari 25 yaliyoanza kunadiwa kwa dola 10,000 kila moja, na sharti lililoambatana nayo lilikuwa kwamba yatumike nje ya barabara za umma tu. Inawezekana kabisa kwamba sharti hilo ndilo lililolikwamisha gari la mwenzako.

Karatasi anayoisema muuzaji wako huenda ni fomu ya serikali kuu iitwayo SF-97. Hapa nakuomba usome polepole, kwa kuwa wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tumezoea logbuku moja inayoonyesha mmiliki na usajili kwa pamoja. Marekani mambo hayo mawili yametengana: kuna hati ya umiliki, inayosema gari ni la nani, na kuna usajili, unaoruhusu gari kutembea barabarani na kukupatia namba. SF-97 si mojawapo ya hizo mbili. Ni cheti kinachothibitisha kwamba serikali imeliuza gari, ili mnunuzi aende nacho kwenye jimbo lake kuomba hati ya umiliki, na jimbo lina mamlaka ya kukubali, kukataa, au kutoa hati ya umiliki bila usajili.

Muombe muuzaji nakala ya fomu hiyo, pande zote mbili, kabla hujataja bei. Tazama kama imeandikwa au kugongwa muhuri wa maneno kwamba gari ni la kutumika nje ya barabara tu. Ukiyaona, usitarajie kupata namba za kawaida, hata gari liwe zima kiasi gani. Tazama jina la mnunuzi aliyeandikwa. Kama si la muuzaji unayezungumza naye, ni lazima kuwe na hati ya mauziano kwa kila mkono ambao gari limepitia, maana pengo moja tu katika mnyororo huo linatosha karani kukurudisha nyumbani. Halafu linganisha namba ya utambulisho kwenye fomu na ile iliyochapwa kwenye kibati cha chuma ndani ya gari, tarakimu kwa tarakimu. Magari ya raia ya Marekani yana namba ya herufi na tarakimu 17 tangu mwaka 1981, ilhali Humvee hutumia namba ya jeshi ambayo ni fupi sana, na kompyuta za ofisi za usajili huzoea kuikataa. Karani mwenye uzoefu anajua la kufanya. Asiye na uzoefu atakwambia gari lina namba batili, na hapo utaomba kwa adabu kumwona msimamizi wake.

Kwa nini majimbo yanasita? Sababu inatoka kwenye sheria yenyewe. Viwango vya serikali kuu vya usalama wa magari havihusu gari lililotengenezwa kwa ajili ya jeshi na kuuzwa moja kwa moja kwa jeshi. Humvee haikutakiwa kutimiza masharti ya kumlinda abiria katika ajali ambayo gari lako la sasa liliyatimiza. Nikiri kwamba naielewa hofu ya majimbo, hata kama inawaumiza wapenzi wa magari haya, kwa kuwa barabara kuu za Houston si uwanja wa mazoezi, na gari lenye upana wa zaidi ya mita mbili, lisilo na mfuko wa hewa hata mmoja, linashiriki njia na familia za watu.

Kwa upande wa Texas, maombi ya hati na usajili hupelekwa katika ofisi ya kodi ya kaunti, kwa upande wako Harris, kwa fomu iitwayo 130-U. Utalipa kodi ya mauzo ya asilimia 6.25 pamoja na ada ya hati, na utatakiwa kuwa na bima. Ukaguzi wa usalama kwa magari binafsi uliondolewa tangu Januari 2025, na kipimo cha moshi ambacho bado kipo Harris kinahusu magari ya petroli. Humvee yako ni ya dizeli. Kwa hiyo vikwazo vyako haviko gereji, viko kwenye makaratasi. Chukua nakala ya SF-97, iwasilishe katika ofisi hiyo kabla ya kununua, uliza kama watalisajili gari hilo, na uombe jibu kwa maandishi. Jibu la simu halitakusaidia karani mwingine akiwa dirishani.

Texas ina pia daraja maalumu la magari yaliyowahi kuwa ya jeshi, kwa ajili ya maonyesho, gwaride na shughuli za vilabu. Ni njia nzuri kwa mtu anayependa kuhifadhi historia, lakini haikuruhusu kwenda nalo kazini kila siku, na wewe umesema hilo ndilo kusudio lako. Iwapo tatizo ni pengo la karatasi tu, na gari halina sharti la kubaki nje ya barabara, kuna hati ya umiliki yenye dhamana: unanunua dhamana yenye thamani ya mara moja na nusu ya gari, inayodumu miaka mitatu, ili mwenye haki akijitokeza apate pa kudai. Dhamana hiyo huziba pengo la umiliki peke yake. Haiondoi sharti lililowekwa na serikali.

Utashauriwa mengine mitaani. Utaambiwa uandike kwamba gari lako ni Hummer ya kiraia, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1992, kwa kuwa zinafanana. Usikubali. Hummer ya kiraia ilijengwa kutimiza viwango vya barabarani, Humvee haikujengwa hivyo, na kumwandikia karani maelezo ya uongo katika maombi ya hati ni kosa la jinai. Utaambiwa pia ufungue kampuni ya jina tu katika jimbo la Montana na usajili gari huko. Mkazi wa Texas anayeendesha gari lake Texas kila siku anatakiwa kulisajili Texas, na kampuni ya bima ikigundua ukweli baada ya ajali, wewe ndiwe utakayebaki na deni. Kwa mtu ambaye makaratasi yake ya uhamiaji bado yanashughulikiwa, hatari ya jambo hili ni kubwa zaidi.

Ukifanikiwa kupata namba, jifunze swichi ya taa kabla ya kutoka nje ya geti. Swichi ya kijeshi ina vishikio vitatu na nafasi kadhaa, zikiwemo za taa hafifu za kujificha dhidi ya adui. Ikiwa imezimwa kabisa, ukikanyaga breki mchana taa za nyuma haziwaki, wala taa za kuashiria kona hazifanyi kazi. Dereva aliye nyuma yako hataona kitu. Kwa mwendo wa mchana ni lazima iwe kwenye nafasi ya taa za breki.

Kuhusu Kenya, nakushauri uliache wazo hilo. Kusafirisha gari la jeshi nje ya Marekani kunadhibitiwa na serikali kuu, na kulipeleka bila kibali ni kosa zito. Hata ukipata kibali, Kenya haipokei gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane, na Humvee ina usukani wa kushoto.

SWALI: Je, maelezo hayo yanahusu pia malori makubwa ya jeshi? Ninafikiria M35 au M923 kwa kazi za shambani hapahapa Texas. Msomaji, Fort Worth.

JIBU: Karatasi ni zilezile, lakini kuna suala la leseni. Lori ambalo uzito wake pamoja na mzigo ulioruhusiwa unafika pauni 26,001, yaani takriban kilo 11,800, linahitaji leseni ya daraja la juu hata kama hufanyi biashara. M35 kwa kawaida iko chini ya kiwango hicho, M923 iko juu yake na inatumia breki za upepo. M35A2 nayo ina mfumo mmoja wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote, kwa hiyo bomba moja likipasuka unapoteza breki zote kwa pamoja. Mpe fundi akague mabomba na silinda kuu kabla hujaliondoa mahali uliponunulia, au ulilipie usafiri juu ya trela.