Barua kwa mwanangu: "demur" kwenye dhamana ya benki

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Unasema rasimu ya dhamana mnayotakiwa kumpa mwenye mradi, yaani ahadi ya benki kumlipa mkivunja mkataba, inaeleza kwamba benki italipa "without any demur", kamusi imekupa "kusita", na bosi wako anadhani ni neno la mapambo tu. Mwambie si pambo. Neno hilo ndilo linaloamua fedha zenu zitoke kabla ya ubishi au baada yake.

Demur ilitoka kwenye Kilatini demorari, kukawia, ikapitia Kifaransa cha mahakama za Uingereza. Kukawia kwenyewe kumebaki kwenye nomino demurrage, ile demareji inayowaliza waagizaji wa Dar es Salaam na Mombasa kontena linapozidisha siku za bure bandarini. Kitenzi kimebaki na maana ya kuweka kipingamizi, tena mara nyingi cha upole. Kwa hiyo "kusita" ni nusu ya maana. Anayesita huenda hana hoja yoyote. Huyu wa demur anayo, hata kama hajaitoa yote. Gazeti likisema mtu aliombwa agombee uongozi na "he demurred", ujue amekataa kwa staha. Ukiandika "akasita", msomaji atadhani bado anafikiria.

Kitenzi hiki hakishiki yambwa moja kwa moja. Mtu hu-demur "at" au "to" jambo fulani, hivyo "he demurred the proposal" ni kosa. R huongezwa: demurred, demurring. Na usiitie e mwishoni, maana demure ni kivumishi cha mtu mwenye haya.

Mahakamani neno lina makali zaidi. Ku-demur ni kusema: haya, tuchukulie yote uliyoyaandika kwenye hati ya madai ni kweli, hata hivyo sheria haikupi haki ya kunidai. Uingereza ilifuta utaratibu huo mwaka 1883, ila California bado wanao, na mdaiwa ana siku 30 tangu apokee hati ya madai. Kwetu mtoto wake ni pingamizi la awali. Kwenye kesi ya Mukisa Biscuit dhidi ya West End Distributors ya mwaka 1969, Jaji Newbold wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki alilifananisha na demurrer, yaani utaratibu huo wa zamani: ni hoja ya sheria tupu, inayojadiliwa kwa kudhani kwamba maelezo ya upande wa pili ni sahihi. Mawakili wa Kenya na Tanzania wanaitaja kesi hiyo mpaka leo. Chukua madai ya mkataba yaliyofunguliwa baada ya miaka 6. Kama tarehe ya kuvunjwa mkataba imeandikwa na mdai mwenyewe, pingamizi la ukomo wa muda linasimama. Kama tarehe hiyo inabishaniwa, ushahidi unahitajika, na pingamizi linaanguka. Newbold alilalamika kwamba mapingamizi yasiyostahili huongeza gharama bure, na mpaka leo yanaletwa tu.

Sasa rasimu yako. "Without any demur" inaifunga benki mdomo: mwenye mradi akidai, benki haiulizi kama kweli mmevunja mkataba. Mwaka 1977 kampuni ya Edward Owen, iliyokuwa ijenge vibanda vya kioo vya kilimo Libya, iliona mteja hajafungua barua ya mkopo (ahadi ya benki ya kulipia kazi) kama walivyokubaliana. Ikajitoa, lakini mteja akadai dhamana ya asilimia 10. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisema Barclays, waliotoa dhamana, lazima walipe. Kilichoweza kuizuia benki ni udanganyifu ulio wazi unaojulikana nayo. Na benki ikishalipa haibaki na hasara, kwa sababu mmeiahidi kwa maandishi kuirudishia. Inakata akaunti yenu, ninyi mnabaki kumshitaki mwenye mradi.

Lakini kufungwa mdomo si kufungwa macho. Dai lililoletwa baada ya tarehe ya mwisho, au linalozidi kiasi kilichoandikwa, benki inalikataa, na huko si ku-demur. Kwa hiyo msipoteze nguvu kuomba maneno hayo yafutwe. Mwenye mradi hatakubali. Ombeni dhamana ifuate URDG 758, kanuni za Chama cha Biashara cha Kimataifa zilizoanza Julai 2010. Chini yake benki ina siku 5 za kazi kukagua dai, na kifungu cha 15 kinamtaka mdai aandike ni wapi hasa mmekiuka. Angalieni tu rasimu isiwe na sentensi inayokiondoa kifungu hicho, maana kanuni zenyewe zinaruhusu kiondolewe. Tarehe ya mwisho iwe ya kalenda, isiwe "mradi utakapokamilika", kwani kukamilika nako kunabishaniwa. Na kiasi kipungue kila hatua ya kazi inapopokelewa.

Kwenye muhtasari wa kikao andika "bila kipingamizi chochote". Ukipata rasimu ya pili niletee ukurasa wenye masharti ya dai, huo wa kwanza wa majina hauna shida.

Mama yako