Kitulo uende lini
Ndugu uliyeuliza kama Agosti inafaa kwenda kuona maua Kitulo, ile hifadhi ya taifa ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania: hapana, utakuta nyasi kavu na baridi ya kugonganisha meno. Nenda kati ya Desemba na Aprili, mvua ikiwa imekolea. Hapo ndipo utaelewa kwa nini wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Okidi peke yake ni aina zaidi ya 40, nyingine ndogo mno, ukiwa ndani ya gari huzioni, kwa hiyo shuka utembee. Ukipanda mlima kwa barabara ya kutoka mji wa Chimala kuna kona kali 57 (mwenye kichefuchefu akae mbele). Beba sweta, koti la mvua na mabuti. Na viazi vya okidi usichimbe. Biashara ya kuvipeleka Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda imeshavipunguza vya kutosha.