Miwani ya michezo na hofu ya sindano

Dada, umeuliza kama miwani ya uhalisia pepe (ile inayofunika macho na kukuonyesha ulimwengu wa kompyuta) inamtuliza kweli mtoto anayeogopa sindano au ni mbwembwe tu. Wengi inawasaidia. Kule Seattle, Marekani, wodi ya walioungua ya Harborview ilianza kuitumia tangu miaka ya 1990, na baadaye ukaja mchezo wa SnowWorld: mgonjwa anarusha mipira ya theluji huku kidonda kikisafishwa. Akili ikishikwa na mchezo, maumivu yanakosa pa kukaa. Ila haichukui nafasi ya dawa ya ganzi, na wengine hupata kichefuchefu. Kama ana kifafa, muulize daktari kwanza. Na mvalishe kabla hajaiona sindano. Wangu alitangulia kuiona, hapo hata katuni hazikufua dafu.