Ukishinda, mwachie mkeo simu

Jumatatu ya tarehe 6 Novemba 2023 nilifika dukani Kariakoo nikakuta mfuko wa nailoni juu ya meza ya kukatia vitambaa. Ndani mna mandazi matano, bado ya moto, na kitumbua kimoja. Hapakuwa na ujumbe wala jina, na wala halikuhitajika. Jana yake Yanga walikuwa wametupiga sisi Simba 5-1 kwenye Uwanja wa Mkapa. Jirani yangu wa duka la mbele, Yanga wa kuzaliwa nao, alikuwa ameinamia daftari lake la mauzo kama mtu aliyepotelewa na hesabu, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Niliagiza chai ya rangi nikayamaliza yote. Kitumbua nikakiweka mwisho, kwa heshima ya Kibu Denis, aliyetufungia lile bao moja.

Wanaonijua kuwa ni Simba huwa wanataka niwaambie mtu anaishije siku ya kufungwa. Vijana hasa, wale waliokua Mnyama, yaani Simba, anachukua ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18, halafu Yanga wakaanza ya kwao na dunia ikawageuka. Nitasema ninachokijua kuhusu kufungwa, lakini kwanza niseme kinachonikera: hakuna anayeuliza mtu anaishije siku ya kushinda. Mimi kufungwa kumenila usingizi na sauti tu. Hasara zangu zote kubwa nimezipata timu yangu ikiwa imeshinda.

Chukua mwaka huohuo, 2023. Machi 18, Jumamosi, tumempiga Horoya wa Guinea saba bila. Chama kafunga matatu peke yake. Nilitoka uwanjani sijui kama nakanyaga chini. Tulipofika Mbagala nikaingia kwa muuza mishkaki tunayekaa naye kila siku nikamwambia, "Hawa wote wako kwangu." Hawa wote walikuwa watu kumi na wawili. Wanne kati yao sikuwahi kuwaona. Mmoja nina hakika alikuwa Yanga, maana alikula kwa kasi na hakushangilia hata kidogo.

Hiyo ilikuwa ndogo. Aprili 16, katikati ya Ramadhani, tukawafunga Yanga 2-0. Beki Inonga alifunga hata watu hawajakaa vizuri. Nimetoka uwanjani nimekauka koo, simu iko mkononi, na mkono ukatafuta namba ya baba mkwe.

Baba mkwe wangu ni mtu wa Magomeni, Yanga wa enzi hizo, anayekutajia kikosi cha miaka ya sabini kuanzia kipa. Ananiita mwanangu. Tunatambiana, ndiyo, lakini yeye ndiye huanza, na mimi hujibu nusu ya ninachotaka kujibu. Sisi wa Pwani tunajua utani una watu wake: shemeji, binamu, jirani wa duka. Mkwe hayumo. Jioni ile mzee ndiyo kwanza ametoka kufuturu, akapokea kwa upole wake, na mimi, badala ya shikamoo, nikaanza na neno Utopolo, lile la kuwakebehi Yanga. Mengine siyaandiki. Nilikuwa natania, nikaona nachekesha, nikaendelea. Aliponisikiliza mpaka mwisho akasema, "Haya mwanangu, Mungu akufikishe salama," akakata.

Mke wangu alizijua habari kabla sijafika nyumbani. Aliniwekea chakula mezani akasema, "Baba watoto, kula ulale. Kesho tutazungumza." Ukiambiwa kesho tutazungumza na mtu aliyetulia hivyo, hata Inonga hakumbukiki.

Ungedhani nimejifunza. Wikiendi ya Idi tukamfunga Wydad wa Casablanca bao moja hapahapa nyumbani, robo fainali ya Afrika, Wydad ambaye ni bingwa mtetezi. Na mimi ni mfanyabiashara wa vitenge. Idi ndiyo mavuno yetu. Droo ilikuwa na hela ya mzigo. Nikajiambia: saba kwa Horoya, mbili kwa Yanga, moja kwa Wydad, hii timu imeshapita. Nikaweka Sh400,000 kwenye mkeka wa kubeti kwamba Simba anafuzu. Aprili 28 usiku kule Morocco wakarudisha lile bao moja, ikaja mikwaju ya penalti, tukatolewa. Mkeka ukachanika. Mei yote nikawa nauza mabaki ya vitambaa huku wateja wananiuliza mzigo mpya unaingia lini.

Sasa angalia hapo ni wapi nilipoumia. Usiku wa Casablanca ulikuwa mbaya, lakini ile laki nne niliitoa siku sita kabla, nikiwa natabasamu. Mtu aliyefungwa hana hamu ya kununulia watu mishkaki. Hapigi simu. Anajifunika shuka. Aliyeshinda ndiye anayetembea mjini na waleti wazi na mdomo wazi.

Ndiyo maana siku hizi ushauri wangu wa kwanza hauna uhusiano na mpira: kabla ya mechi kubwa, hamisha hela iliyo kwenye simu. Mimi namtumia mke wangu yote, nabaki na kiingilio, nauli na ya maji. Nikienda kutazama mechi kibanda umiza, simu yenyewe inabaki nyumbani. Wenzangu wananicheka kwamba nimewekwa kiganjani. Wacheke. Mzigo wa Idi iliyofuata ulinunuliwa kwa hela taslimu.

Na usibeti timu yako. Wachambuzi wa redioni wana maelezo marefu ya takwimu na viwango. Mimi sababu yangu ni fupi, kwamba ukibeti timu yako unafungwa mara mbili kwa mechi moja.

Kuhusu kufungwa kwenyewe, nina binamu yangu yuko Los Angeles, miaka mingi sasa, ameshikwa na besiboli mpaka ndoto zake ni za besiboli. Timu yake ni Dodgers. Mwaka 2024 walipochukua ubingwa kwa kuwafunga Yankees alinipigia, na nilipomuuliza msimu mzima walifungwa mara ngapi, akasema mara 64. Nikamwambia rudia. Sitini na nne! Kumbe wenzetu wanacheza mechi 162 kabla hata hawajaingia kwenye mtoano, karibu kila siku kuna mechi. Anafungwa Jumanne, Jumatano jioni yuko tena mbele ya runinga na mahindi yake, jana imeshasahaulika. Akanishauri nami nifanye hivyo, nichukulie kufungwa kama mvua.

Nilimpenda kwa kunijali, lakini ushauri wake hauvuki bahari. Ligi Kuu yetu ni mechi 30. Yanga unakutana naye mara mbili kwenye ligi, na ukifungwa unaweza kukaa na lile donge miezi minne, unaliona kila asubuhi kwenye jezi ya kondakta. Haiwezi kuwa mvua. Ni msiba mdogo, na msiba una taratibu zake. Usiambiwe "ni mpira tu" na mtu ambaye hajui hata mashabiki wa mgeni wanakaa upande gani kwa Mkapa.

Mimi nikifungwa sipandi gari hapohapo uwanjani. Natembea mpaka Mtoni kwa Azizi Ali, taratibu, jezi nimeivua nimeikunja kwapani, kisha ndiyo napanda la Rangi Tatu. Ule mwendo unasaidia kuliko maneno ya mtu yeyote. Nikifika nyumbani sifungui makundi ya mtandaoni, wala sisikilizi redio, maana huko ndiko watu wanakotafuta kocha wa kumla nyama. Baada ya zile tano Robertinho hakumaliza wiki. Labda alistahili, labda hakustahili, ila mimi usiku ule sikuwa mtu wa kuulizwa. Asubuhi naenda kazini mapema kuliko kawaida. Hili la mwisho ni muhimu: ukichelewa, utani unakukuta njiani ukiwa peke yako. Ukiwahi, unaupokea umekaa kwenye kiti chako, na kama kuna mandazi unayala yakiwa ya moto.

Kuna jambo sijalimaliza, la mzee.

Wiki ile ya kumtukana nilikwenda Magomeni na kilo tano za sukari na doti ya kitenge kwa mama mkwe. Alinipokea vizuri, tukazungumza bei ya mchele, mpira hakuugusa. Nikaomba radhi. Akasema, "Yameisha," na nikajua hayajaisha.

Mwezi uliofuata Yanga wakaingia fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger. Hapa nyumbani wakafungwa 2-1. Juni 3 kule Algiers wakashinda 1-0, na bado kombe likabaki kwa Waarabu kwa sababu jumla ilikuwa 2-2 na wao walifunga mengi zaidi ugenini. Fikiria: unashinda ugenini, fainali, halafu unatazama wenzako wakipewa medali za dhahabu. Kariakoo nzima ya upande wetu ilikuwa inalipuka kwa kicheko. Mimi nilikaa kimya. Sikutuma hata kikatuni. Kesho yake nilimpigia mzee nikamwamkia, nikamuuliza goti lake linaendeleaje, tukaongelea goti dakika kumi nzima.

Basi ikaja Novemba 5. Mapumziko ilikuwa moja moja na nilikuwa na matumaini yote. Kipindi cha pili Maxi akafunga mawili, Aziz Ki moja, Pacome penalti. Nilitembea mpaka Mtoni, nikafika nyumbani, nikakaa gizani sebuleni. Simu ilikuwa kwa mke wangu. Saa tatu usiku akaniletea. "Baba huyo."

Nikajiandaa. Nilikuwa na deni na nilijua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Bado, baba."

"Kula. Kesho una kazi."

Nyuma yake nilisikia vuvuzela na wajukuu wanaimba wakihesabu moja mpaka tano, na yeye akaziba simu kwa mkono, akawakemea wanyamaze.